Nguvu za Serikali Katika Kulinda Maji Baridi ya Visiwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sheria ya maji ikitajwa kisiwani, watu wawili huinuka kwa pamoja: mwenye kisima anayeogopa kunyang'anywa, na jirani yake ambaye kisima chake kimeanza kutoa maji ya chumvi. Wote wawili wanastahili kujibiwa. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mjadala huu unapofunguliwa. Msimamo wangu nausema mapema: serikali ya kisiwa inahitaji nguvu zaidi juu ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kuliko ilizonazo katika nchi nyingi leo, na nguvu hizo nazo zinahitaji mipaka iliyoandikwa.

Kwa nini kisiwa kihitaji sheria ya maji iliyo kali kuliko ya bara?

Kwa sababu kisiwa hakina pa kukimbilia. Mji wa bara ukikaukiwa unaweza kuvuta bomba kutoka mto ulio umbali wa kilomita mia mbili. Kisiwa kikipoteza maji yake kinabaki na mambo mawili: kununua maji yaletwe kwa meli, au kuyatengeneza kutoka baharini. Mwaka 2008, katika ukame mkali, Cyprus ilikodi meli za kubeba maji kutoka Ugiriki. New Providence, kisiwa chenye mji mkuu wa Bahamas, kilitegemea kwa miongo kadhaa maji yaliyosafirishwa kwa meli kutoka kisiwa jirani cha Andros. Nchi yenye uwezo hujikimu hivyo kwa muda. Kisiwa kidogo chenye watu elfu chache hakiwezi.

Kuna sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Maji ya kisiwani huharibika kimya kimya. Mto ukikauka kila mtu anauona. Maji yaliyo chini ya ardhi huweza kupungua kwa miaka kumi huku bomba likiendelea kutoa, na siku chumvi inapofika kwenye pampu, uharibifu umeshakamilika zamani. Sheria inayosubiri madhara yaonekane ndipo ichukue hatua haina kazi kisiwani. Inabidi iruhusu kusema "hapana" kabla ya ushahidi wa madhara, na hiyo ni nguvu kubwa kumpa afisa yeyote.

Hayo maji ya chini ya kisiwa yanakaaje?

Yanaelea. Mvua inaponyesha kwenye kisiwa cha mchanga au cha mawe ya matumbawe, sehemu ya maji hupenya hadi chini na kukuta maji ya bahari ambayo tayari yamejaa kwenye mwamba. Maji ya bahari ni mazito kidogo: yakilinganishwa na maji baridi ni kama 1.025 kwa 1. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuyafanya maji baridi yakae juu, yakiwa yamenenepa katikati ya kisiwa na kuwa membamba kuelekea ufukweni. Kwa umbo hilo wataalamu huyaita lenzi.

Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, walitoa hesabu ambayo hadi leo ndiyo msingi wa somo hili: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo. Ukiisoma kwa furaha, ni habari njema. Hebu igeuze. Pampu zikishusha usawa wa maji kwa nusu mita tu, lenzi nzima inatafuta mizani mpya, na baada ya muda inaweza kupoteza mita 20 kutoka chini, mahali ambapo hakuna anayeona. Zaidi ya hapo, pampu yenye nguvu huyavuta maji ya chumvi kutoka chini yake yakapanda kama kichuguu hadi yaifikie. Kwa uhalisia hakuna mstari mkali kati ya baridi na chumvi, bali tabaka la mchanganyiko ambalo kwenye visiwa vyembamba hula sehemu kubwa ya kile ambacho hesabu inaahidi.

Na inahitajika chumvi kiasi gani kuharibu maji? Kidogo mno. Watu wengi huanza kuonja chumvi pale kloridi, sehemu kuu ya chumvi ya bahari, inapozidi miligramu 250 kwa lita moja. Maji ya bahari yana takriban miligramu 19,000. Piga hesabu: kikombe kimoja cha robo lita cha maji ya bahari kinatosha kuifikisha ndoo ya lita 20 karibu kabisa na kiwango hicho.

Visiwa vyote viko hivyo?

Hapana. Kisiwa cha volkano chenye milima mirefu kinaweza kuwa na chemchemi na maji mengi yaliyohifadhiwa juu kabisa ya usawa wa bahari. Ngazija, huko Komoro, ni cha volkano lakini miamba yake hunywa mvua haraka kiasi kwamba hakina mito ya kudumu, na vijiji vingi vimeishi kwa matangi ya mvua. Singapore imegeuza karibu theluthi mbili ya ardhi yake kuwa eneo la kudaka mvua. Kwa hiyo sheria nzuri huanza na jiolojia ya mahali. Sheria iliyonakiliwa kutoka nchi ya mito mikubwa, yenye sura nyingi juu ya mabonde na mabwawa na aya moja juu ya visima, ni karatasi tu.

Kisima nimechimba mwenyewe, kwenye kiwanja changu. Serikali inaingiaje hapo?

Hili ndilo swali lenye uchungu kuliko yote, na nalielewa. Umelipa fundi, umenunua pampu, hukumwomba mtu.

Lakini kisima ni tundu, maji ni kitu kingine. Maji unayovuta leo yalinyesha miezi au miaka iliyopita juu ya mashamba ya watu wengine, yakasafiri chini ya nyumba zao, na yangeendelea kusafiri hadi kwa jirani yako usingeyavuta. Mnakunywa kwenye bakuli moja kwa mirija mingi. Mrija ukiwa mpana zaidi haukupi haki ya bakuli.

Ndiyo maana nchi kadhaa zimeacha kanuni ya kale iliyosema kwamba mwenye ardhi ni mwenye kila kilicho chini yake. Hawaii, jimbo la visiwa la Marekani, iliandika kwenye katiba yake, mwaka 1978, kwamba dola ina wajibu wa kulinda maji kwa manufaa ya watu wake, na mahakama zake zimeyatambua maji kuwa amana ya umma. Neno amana lina uzito wake kwetu pia. Aliyepewa amana hawi mmiliki: hawezi kuiuza wala kuila, na ataulizwa. Kwa mtazamo huo serikali haikunyang'anyi maji. Inakuwa mshika amana kwa niaba yako na ya jirani yako, na kibali chako cha kuvuta maji kinakuwa haki iliyoandikwa unayoweza kuitetea mahakamani dhidi ya hoteli itakayokuja kuchimba kisima kirefu, umbali wa mita hamsini kutoka kwako. Leo, bila sheria, huna cha kumwonyesha hakimu.

Kwa hiyo hata ndoo ya kisima cha mkono itahitaji leseni?

Isiwe hivyo. Kusajili kisima ni jambo moja, kuomba leseni ni jambo jingine. Jersey, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ufaransa, kilitunga sheria ya rasilimali za maji mwaka 2007 kwa mtindo huo: mwenye matumizi ya kawaida husajiliwa tu, mvutaji mkubwa huomba leseni yenye kikomo. Usajili ni lazima uwe bure. Ukitoza ada kwa kisima cha familia, visima vitafichwa, na ramani yako itakuwa na mapengo mahali pale pale unapohitaji kujua.

Ni nguvu zipi hasa ambazo serikali nyingi za visiwa bado hazina?

Mara nyingi idara ya maji ina mamlaka ya kusambaza maji kwa bomba na kukusanya ankara, basi. Haina neno juu ya ardhi ambayo maji yanatoka. Idara ya ardhi inagawa viwanja, ya ujenzi inatoa vibali, ya afya inakagua vyoo, na hakuna hata moja inayolazimika kuiuliza idara ya maji. Kwa hiyo nguvu ya kwanza ninayoitetea ni ya kuzuia: kibali chochote cha kujenga, kuchimba mchanga, kufuga kwa wingi au kuweka kituo cha mafuta juu ya eneo la maji kisitoke bila saini ya mamlaka ya maji.

Ya pili ni ya kutangaza eneo la hifadhi na kulipangia masharti. Ya tatu, ya kuweka kikomo cha uvutaji na kukishusha chumvi inapopanda, hata kama leseni ilishatolewa. Mwenye leseni asidai kwamba aliahidiwa kiasi fulani milele, kwa kuwa mvua haikuahidi chochote. Ya nne ni ya kuingia na kupima. Afisa asiyeweza kuingia kwenye eneo la kiwanda kuchukua chupa ya sampuli hawezi kulinda lolote. Na mafundi wachimbaji wapewe leseni wao wenyewe: ni rahisi zaidi kusimamia mitambo michache ya kuchimbia kuliko kusaka mashimo maelfu baada ya kuchimbwa. Mtambo wa kuchimba haufichiki, shimo hufichika.

Adhabu naiweka mwisho makusudi. Faini ni muhimu kwa mchafuzi mkubwa, ila haijawahi kurudisha maji baridi mahali palipoingia chumvi.

Maeneo ya hifadhi yamewahi kufanya kazi popote?

Barbados ndiyo mfano ninaoupenda, kwa sababu una umri. Mwaka 1963 kisiwa hicho cha mawe ya chokaa ya matumbawe kiligawanywa katika kanda tano za ulinzi wa maji ya ardhini. Kipimo chake kilikuwa muda na si umbali tu: maji machafu yakimwagwa hapa, yatachukua siku ngapi kufika kwenye kisima cha umma? Kanda ya kwanza ni ile ambayo maji huchukua hadi siku 300, na humo ujenzi mpya ulizuiwa. Kanda ya pili ni hadi siku 600, na masharti hulegea kadiri unavyosogea mbali. Wazo ni kwamba vijidudu vya maradhi hufa njiani vikipewa muda wa kutosha.

Mfumo huo umelinda visima vya umma kwa zaidi ya nusu karne. Pia una udhaifu wake, na ni haki kuusema: uliwekwa kwa ajili ya vijidudu. Naitreti za mbolea na kemikali za viwandani hazifi njiani, hata ukizipa siku 600. Kwa hiyo kanda zinahitaji kupitiwa upya kila uchafu wa aina mpya unapoingia kisiwani.

Eneo la hifadhi likitangazwa juu ya ardhi ya ukoo wetu, tutahamishwa?

Hapa ndipo sheria nzuri nyingi zimevunjikia, kwa hiyo nitakawia.

Tarawa Kusini, kwenye jamhuri ya visiwa ya Kiribati, ni utepe mwembamba wa mchanga na matumbawe wenye watu zaidi ya 50,000. Kwa miaka mingi maji ya umma yametoka hasa kwenye lenzi mbili, Bonriki na Buota, ambazo serikali ilizitangaza kuwa hifadhi. Ardhi iliyo juu yake ni ya familia, kwa mila, na kwenye atoli, yaani kisiwa cha matumbawe kilicho kama pete, ardhi ndiyo kila kitu: ndiyo chakula, makaburi ya wazee, na mahali pa mtoto kujenga. Serikali hulipa kodi ya pango kwa wenye ardhi. Hata hivyo mgogoro haujakoma. Watu wamejenga ndani ya hifadhi, wamelima mboga, wamefuga nguruwe, wamezika wafu wao. Hifadhi nyingine za zamani katika kisiwa hicho zilishaachwa baada ya makazi kuzizunguka na kuzichafua.

Ni rahisi kuwalaumu wavamizi. Mimi naona familia iliyoambiwa na sheria kwamba ardhi ni yao, na tangazo likawaambia wasiitumie, kwa malipo wasiyoshiriki kuyapanga, ili maji yaende kwa watu wa upande mwingine wa kisiwa. Nguvu ya kutangaza bila nguvu ya kulipa vizuri ni uhasama unaosubiri muda.

Kwa hiyo, jibu la swali lako: mara nyingi hakuna haja ya kuhamisha mtu. Minazi na miti mingine inaweza kubaki. Choo cha shimo, zizi la nguruwe, mbolea za dukani na makaburi ndivyo visivyoweza kubaki juu ya maji ya kunywa. Sheria inapaswa kutamka fidia kwa kila matumizi yanayozuiwa, malipo yapande bei ya maisha inapopanda, na familia zenye ardhi ziwe na viti kwenye kamati inayosimamia hifadhi. Kazi ya ulinzi wa hifadhi wapewe vijana wa hapo hapo, kwa mshahara. Anayelipwa kulinda chanzo kilicho kwenye ardhi ya babu yake ni mlinzi tofauti kabisa na askari aliyeletwa kutoka mjini.

Choo kiwe mbali kiasi gani na kisima?

Kiwango kinachotumiwa sana katika kazi za misaada ni mita 30, na sehemu ya chini ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Kwenye atoli kiwango hicho hakitekelezeki: maji yako mita moja au mbili tu chini ya miguu, na mchanga wa matumbawe huyapitisha haraka. Kwa visiwa vya aina hiyo naamini sheria izuie kabisa vyoo vya shimo na makaro yanayovuja juu ya eneo la maji ya kunywa, na serikali igharamie mbadala kama choo kikavu au tangi lisilovuja linalonyonywa. Kuzuia bila kugharamia ni kuwaadhibu maskini kwa umaskini wao.

Je, sheria italifunga pia jeshi, uwanja wa ndege, na mashirika ya serikali yenyewe?

Ikiwa haitawafunga, isitungwe. Wachafuzi wakubwa wa maji ya visiwani mara nyingi ni taasisi.

Kisiwani Oahu, Hawaii, jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa na matangi 20 makubwa ya mafuta yaliyojengwa chini ya ardhi mahali paitwapo Red Hill, takriban mita 30 juu ya maji yanayotegemewa na wakazi wa Honolulu. Yalijengwa miaka ya 1940. Mwaka 2014 tangi moja lilivuja, na wakazi walipiga kelele. Novemba 2021 mafuta yaliingia kwenye kisima cha jeshi lenyewe, na familia zikaanza kusikia harufu ya mafuta kwenye maji ya bomba. Watu wapatao 93,000 walikuwa wakihudumiwa na mfumo huo. Mamlaka ya maji ya Honolulu ililazimika kufunga kisima chake cha Halawa ili uchafu usivutwe upande wa mji.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Desemba 2021 idara ya afya ya jimbo ilitoa amri ya dharura ya kusimamisha shughuli na kuondoa mafuta. Jeshi lilianza kwa kuipinga. Machi 2022 wizara ya ulinzi ikatangaza kwamba kituo kitafungwa moja kwa moja. Serikali ya kisiwa ilishindana na jeshi lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani ikiwa na karatasi ya sheria mkononi, pamoja na wananchi waliokataa kunyamaza. Bila mamlaka ya kutoa amri ile, wangebaki na maombi tu.

Mfano mdogo zaidi ni wa Jersey, ambako povu la kuzimia moto lililotumika kwenye mazoezi ya uwanja wa ndege liliingiza kemikali za PFAS, ambazo hazioi kwa urahisi, kwenye visima vya nyumba za jirani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Povu lilikuwa sehemu ya usalama wa ndege. Ndiyo sababu saini ya mamlaka ya maji itakiwe hata kwa shughuli zenye nia njema.

Tukijenga mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, si tatizo limekwisha?

Mitambo hiyo inasaidia, na kuna visiwa visivyoweza kuishi bila hiyo. Malta hupata zaidi ya nusu ya maji yake ya bomba kutoka baharini. Tatizo ni kuifanya iwe sababu ya kuacha maji ya ardhini yafe. Mtambo wa kisasa hutumia takriban uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila mita ya ujazo moja ya maji, na kwenye visiwa vingi umeme huo ni dizeli iliyoletwa kwa meli. Kwa hiyo kisiwa kilichotegemea mvua kinaanza kutegemea bei ya mafuta.

Na mtambo huungua. Tarehe 4 Desemba 2014 moto ulizuka kwenye mtambo wa Malé, mji mkuu wa Maldivi, na watu wapatao 100,000 wakakosa maji. India ililazimika kupeleka maji kwa ndege na meli. Chini ya mji huo kulikuwa na lenzi ya maji baridi hapo zamani. Ilikuwa imeshavutwa na kuchafuliwa hadi haifai kunywewa, kwa hiyo siku ya moto hapakuwa na kisima cha kurudia.

Maji ya mvua je?

Bermuda haina mito. Sheria yake inadai kila nyumba idake mvua yake: kanuni za mwaka 1951 zinataka sehemu nne kwa tano za paa zielekezwe kwenye tangi lililo chini ya jengo. Mapaa yao meupe yenye ngazi ni sheria iliyogeuka kuwa sura ya nchi. Napendekeza kila kisiwa kidogo kiandike sharti kama hilo kwenye kanuni za ujenzi, kwa nyumba mpya, na kisaidie nyumba za zamani kupata gata na tangi.

Paa nalo lina hatari zake. Januari 2022 volkano ya chini ya bahari ilipolipuka Tonga, majivu yaliangukia mapaa na kutia hofu kwenye matangi ya nchi nzima. Mwenye vyanzo viwili alilala vizuri zaidi kuliko mwenye kimoja.

Hoteli zinaleta fedha. Mkizibana, tutakula nini?

Hoteli hazitavunjika kwa kufungiwa mita. Zinaweza kutakiwa kutumia maji machafu yaliyosafishwa kwa bustani, kudaka mvua, na kuzalisha sehemu ya maji yao kutoka baharini, kwa kuwa zina mtaji. Jambo nisilolikubali ni kijiji kugawiwa maji kwa zamu wakati bwawa la kuogelea la jirani limejaa. Sheria itaje mpangilio wa kipaumbele kwa maneno yasiyopindika: kunywa na kupika kwanza, hospitali na shule pamoja nayo, biashara baadaye.

Ukame ukija, serikali ipewe mamlaka ya aina gani?

Mamlaka makubwa, kwa muda mfupi, yanayoanza kwa kipimo badala ya hotuba. Septemba 2011 Tuvalu, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ilitangaza hali ya hatari kwa ukame. Kwenye makao makuu, Funafuti, familia iligawiwa ndoo mbili kwa siku, na New Zealand na Australia zikapeleka mitambo ya kuondoa chumvi. Mwaka 2023, huko Mayotte, kisiwa cha Ufaransa karibu na Komoro, mabwawa ya milimani yalishuka mpaka wakazi wengi wakawa wanapata maji ya bomba siku moja kati ya tatu.

Hatua ziandikwe mapema: tangi la umma likifika kiwango fulani, au chumvi ya kisima fulani ikipita kiwango fulani, vizuizi vya daraja la kwanza vinaanza bila kusubiri waziri. Kiongozi yeyote hukawia kutangaza habari mbaya, hasa karibu na uchaguzi. Kipimo hakina uchaguzi. Na kila amri ya dharura iwe na tarehe ya kufa, ili isije ikawa desturi.

Bahari ikipanda na dhoruba zikizidi, kuna maana gani ya kutunga sheria?

Ipo, kwa sababu lenzi yenye afya hupona. Kimbunga Percy kilipopiga Pukapuka, Visiwa vya Cook, mwaka 2005, mawimbi yalifunika ardhi na chumvi ikazama kwenye maji. Lenzi ilichukua takriban miezi 11 kurudi kufaa kunywewa. Huko Andros Kaskazini, Bahamas, kimbunga Frances cha mwaka 2004 kiliingiza bahari kwenye mifereji ya kukusanyia maji. Lenzi iliyonona inaweza kupita mwaka wa namna hiyo. Iliyovutwa hadi ukingoni haina akiba ya kupona nayo. Kinachobaki mikononi mwetu ni uvutaji, uchafu, na mchanga wa ufukweni: ufukwe ukichimbwa, kisiwa kinakuwa chembamba, na lenzi inakonda pamoja nacho. Marufuku ya kuchimba mchanga ni sheria ya maji, hata kama imeandikwa kwenye sura ya madini.

Na nani atatulinda dhidi ya serikali yenyewe?

Nafurahi swali hili linapoulizwa, maana asiyeuliza hajaelewa ninachopendekeza. Mamlaka ya kusema nani achimbe na nani asichimbe ni mlango wa rushwa na wa visasi vya kisiasa. Kibali cha mpinzani kinaweza kukaa mezani miaka miwili.

Kinga ninayoiamini kuliko zote ni vipimo kuwa wazi. Visima vya kupimia, vyenye kina tofauti, vitoe usawa wa maji na chumvi kila mwezi, na namba zibandikwe mahali kila mtu anapita, bila kuombwa. Afisa atakayekunyima kibali kwa sababu ya chumvi aonyeshe chumvi. Leseni zote kubwa ziwe kwenye daftari linalosomwa na umma, pamoja na kiasi kilichovutwa. Maamuzi yatolewe kwa maandishi na kwa muda uliowekwa, na pawepo baraza huru la rufaa ambalo mkulima anaweza kulifikia bila wakili. Afisa aingie kiwandani wakati wowote wa kazi, lakini nyumbani kwa mtu aingie kwa taarifa au kwa hati ya mahakama.

Na raia awe na haki ya kuishtaki mamlaka ya maji inapolala. Sheria nyingi hutoa nguvu, chache hutoa wajibu. Neno "anaweza" kwenye kifungu cha ulinzi wa chanzo cha maji ninalipigania ligeuzwe kuwa "atapaswa".

Kisiwa chetu hakina sheria yoyote ya namna hii. Tuanzie wapi?

Msisubiri muswada. Tafuteni kipimo cha mkononi cha chumvi, mchague visima kumi au ishirini vilivyotawanyika kutoka ufukweni hadi katikati, mpime siku ile ile kila mwezi, na mwandike: kisima, tarehe, kipimo, mvua ya mwezi huo. Shule inaweza kuifanya kazi hii. Baada ya msimu mmoja wa kiangazi na mmoja wa mvua mtakuwa na daftari ambalo pengine hata wizara haina.

Daftari hilo ndilo mtakaloenda nalo kwa mbunge na kwa idara ya ardhi. Ombi la kwanza liwe dogo na la wazi: eneo moja, lile linalolisha visima vya watu wengi, lisigawiwe viwanja vipya hadi litakapochorwa na kupimwa. Zuio la muda la namna hiyo mara nyingi linawezekana chini ya sheria zilizopo za mipango miji au za afya ya jamii, wakati sheria yenyewe ya maji inaandikwa.